Mistari Mitatu ya Pindo

Sketi ililetwa ndani ya mfuko wa dobi, imekunjwa mara mbili, ikinuka dawa ya nondo. Aliyeileta alikuwa mama wa Kimarekani aliyepita umri wa miaka sabini na mitano, mhudumu wa ndege mstaafu, mwenye mgongo ulionyooka kuliko wangu. Alitaka niongeze kiuno na nishughulikie pindo, kwa sababu wenzake wa zamani walikuwa wanakutana mwezi uliofuata na kila mmoja alikuwa ameahidi kuja na sare yake ya kwanza.

Niliigeuza ndani nje, kama ninavyofanya kwa kila nguo kabla ya kutaja bei.

Ndani nikakuta mistari mitatu.

Kitambaa cha sufu husahau upesi: ukikipiga mvuke na kukilaza penye ubao, mkunjo wa jana huondoka. Lakini mkunjo uliokaa miaka huacha mstari, kwa sababu ukingo wake umesuguana na magoti, viti na ngazi mpaka nyuzi zimelika, na mvuke hauwezi kurudisha uzi ambao haupo tena. Mstari wa kwanza ulikuwa chini kidogo ya goti. Wa pili ulikuwa inchi tatu juu yake, na wa tatu inchi mbili zaidi. Fundi aliyenitangulia, ambaye sitamjua kamwe, hakuikata nguo kila ilipofupishwa. Aliukunjia ndani urefu wote uliozidi na kuushona kwa mkono, kwa mishono midogo isiyoonekana nje, kana kwamba alijua kuwa siku moja ingekuja amri ya kurefusha.

Amri ya kurefusha ilikuja, kweli. Mama yule alinieleza kwamba kila badiliko lilitangazwa kwa barua kutoka ofisini, na kwamba malipo ya fundi yalitoka kwenye mkoba wake mwenyewe. Shirika lake lilikwisha kufa siku nyingi na sina haja ya kulitaja.

Nikamuuliza, "Sasa unataka urefu gani?"

Alitazama sketi, kisha akanitazama mimi. "Nguo hii nimeivaa miaka tisa," akasema, "na sikumbuki kama niliwahi kuulizwa hilo swali." Akaahidi kulifikiria, akaacha namba ya simu, akaondoka.

Sketi ilining'inia kwenye msumari wangu wiki tano.

Vidole vinne chini ya goti

Nilikulia Ngamiani, Tanga, chini ya meza ya cherehani. Mama yangu alishona sare za shule, na kila Januari baraza yetu ilijaa wazazi waliochelewa. Urefu wa sketi haukuwa jambo la kujadili na mtoto aliyekuwa akipimwa. Mwalimu mkuu aliagiza vidole vinne chini ya goti, mama akapima vidole vinne, na mtoto aliyeinama ili goti lishuke alipigwa kofi dogo la mgongoni na kuambiwa asimame wima. Nilikuwa mimi ninayeshika pini. Katika miaka yote ile sikumbuki mtoto mmoja aliyeulizwa chochote, wala sikumbuki kuona ajabu.

Mama alikuwa na methali aliyoipenda, ingawa neno la mwisho alilisema kwa sauti ya chini mbele ya wateja: nguo ya kuazima haisitiri matako. Aliitumia kwa watu wanaojivunia visivyo vyao. Wiki hizi tano nimejiuliza kama sare si nguo ya kuazima vilevile, hata pale unapoilipia mwenyewe, kwa kuwa mwenye kauli juu yake si wewe.

Nasema haya ili nisijifanye mgeni katika shauri hili. Mikono yangu imefundishwa upande wa barua ya ofisi.

Vazi la muuguzi

Duka langu liko Kent, kusini mwa Seattle, Marekani, na wateja wangu wengi hufanya kazi katika uwanja wa ndege wa Sea-Tac. Katika eneo hili historia ya anga haihitaji kutafutwa mbali. Jumamosi moja nilifunga duka mapema nikaenda Jumba la Makumbusho ya Anga, ambako imehifadhiwa ndege ya Boeing 80A, ya pekee iliyosalia duniani. Ni ndege ya mabawa mawili na injini tatu, yenye chumba cha abiria kinachofanana na behewa dogo la treni.

Ndege za jamii hiyo ndizo alizopanda Ellen Church mwezi Mei 1930, akiwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuhudumia abiria angani. Alikuwa muuguzi, na alijua kurusha ndege. Alipoomba kazi kwa shirika la Boeing Air Transport hakupewa usukani. Yeye na wauguzi wengine saba walipewa abiria. Watu walikuwa wanaogopa kuruka, na msimamizi mmoja akaona kwamba mwanamke aliyevaa kama muuguzi angewatuliza. Wakiwa ardhini walivaa suti ya sufu ya kijani yenye joho, na wakiwa angani walibadili wakavaa vazi la wauguzi. Masharti ya kuajiriwa yalikuwa: usiwe umeolewa, usizidi miaka 25, usizidi futi tano na inchi nne, na usizidi ratili 115, ambazo ni kama kilo 52.

Nilisimama mbele ya ndege ile nikihesabu kama fundi. Ukishaweka kikomo cha kimo na uzito, umekwisha kukata nguo kabla ya kumwona mvaaji. Kazi ya kupima umeihamisha kutoka kwa kitambaa ukaipeleka kwa mwili, na anayerekebishwa ni mtu.

Mizani haikuondoka upesi. Katika mashirika makubwa ya Marekani wahudumu waliendelea kupimwa uzito mpaka miaka ya 1990, na kwa muda mrefu wasimamizi walikagua hata nguo za ndani za kubana, kuhakikisha kwamba zimevaliwa.

Michezo ya kuigiza

Shirika la kwetu huku ni Alaska Airlines, ambalo mizizi yake ni ndege moja ndogo ya mwaka 1932, na ambalo kwa miongo mingi lilihudumia hasa Alaska na pembe hii ya kaskazini-magharibi. Lilipotaka kuvuta macho katika miaka ya 1960, halikuwa na fedha za kushindana na wakubwa. Likaazima historia. Seattle ndiyo iliyokuwa mlango wa watafuta dhahabu waliokwenda Klondike, Kanada, mwishoni mwa karne ya 19, basi wahudumu wakavalishwa magauni marefu ya enzi za mabibi wa zamani, na matangazo ya ndani ya ndege yakasomwa kwa vina. Shirika hilohilo lilipopata ruhusa ya kupeleka ndege za kukodi Siberia mwanzoni mwa miaka ya 1970, katikati ya vita baridi, wahudumu walivalishwa kwa mtindo wa Kirusi na huduma ikapewa jina la birika la dhahabu, samovar.

Ninakiri kwamba nilifurahi nilipoziona picha. Gauni refu ndani ya ndege ya jeti lina uchekeshaji wake, na mshonaji wake alijua kazi.

Kisha nikafikiria ngazi. Nikafikiria njia nyembamba kati ya viti, sinia la chai ya moto, na gauni lenye pindo linaloburura. Nguo zile zilikatwa kwa ajili ya mtu aliyeketi, yaani abiria anayetazama.

Kule Texas, shirika lingine dogo lilikwenda upande wa pili. Southwest lilianza safari zake Juni 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio, likiwa na wahudumu waliovaa kaptura fupi mno za rangi ya chungwa na buti ndefu nyeupe, na neno "mapenzi" likiwa ndilo tangazo lake. Wanaume walioomba kazi hiyo walikataliwa, mpaka walipofungua kesi. Mwaka 1981 jaji wa shirikisho aliamua kwamba biashara ya shirika hilo ilikuwa kusafirisha abiria, na kwamba kuuza mvuto wa wanawake ni mbinu ya matangazo tu, isiyompa mwajiri haki ya kuwafungia wanaume mlango.

Gauni linaloburura na kaptura inayobana huonekana kama mambo mawili yaliyo mbali. Mezani kwangu ni kosa moja la vipimo: yote mawili yalipimwa kutoka kwenye kiti cha abiria.

Hapo ndipo nilipofika katika wiki ya pili, nikadhani nimemaliza kufikiri.

Upande unaogusa ngozi

Aliyenitoa hapo ni kitambaa chenyewe.

Sketi ya yule mama ni ya sufu. Ina uzito, inahitaji dobi wa kavu, na nondo wanaipenda. Sare za siku hizi nyingi ni polista, au polista iliyochanganywa, kwa sababu zinafuliwa nyumbani, hazijikunji na bei yake ni nafuu. Lakini kila sifa ya kitambaa hulipwa mahali fulani. Moto ukishika, sufu huungua kwa shida na hujizima, ilhali polista huyeyuka na kunata kwenye ngozi, jambo lenye maana kwa mtu ambaye kazi yake ya kweli ni kuwa wa mwisho kutoka ndani ya ndege inayowaka. Kutojikunja nako mara nyingi huletwa na dawa, na baadhi ya dawa hizo hutoa formaldehaidi. Rangi zinazotumika kwa polista nazo zina aina ambazo madaktari wa ngozi wanazijua vizuri kwa kuleta mzio.

Mwaka 2011 wahudumu wa Alaska Airlines waligawiwa sare mpya. Mamia kati yao wakaanza kueleza vipele, macho kuwasha na shida ya kupumua. Chama chao cha wafanyakazi kilipiga kelele, na mwaka 2013 shirika likatangaza kwamba sare hizo zitabadilishwa. Kesi iliyofunguliwa California dhidi ya mtengenezaji haikufaulu. Mahakama haikuridhika kwamba sare ndizo zilizoleta maradhi. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wamekwisha kuanza, miaka kabla ya sare zile kufika na kwa sababu nyingine kabisa, kuwauliza wahudumu wa ndege kuhusu afya zao. Kwa bahati hiyo walikuwa na majibu ya kabla na ya baada kutoka kwa watu walewale, na walipoyalinganisha waliona kwamba malalamiko ya ngozi, macho na pumzi yaliongezeka baada ya sare kuvaliwa.

Nimesoma habari hizo mara kadhaa, na sipimi nani alikuwa na haki mahakamani. Kinachonishughulisha ni jambo dogo zaidi. Tangu joho la kijani la mwaka 1930 mpaka kaptura ya 1971, kila uamuzi kuhusu sare ulihusu upande wa nje wa kitambaa. Hapa, kwa mara ya kwanza niliyoiona katika masimulizi haya, upande wa ndani ulizungumza, na ulizungumza kwa vipele kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kusikilizwa.

Mama yangu alikuwa akiosha kila kitambaa kipya kabla ya kukikata, hata mteja alipokuwa na haraka. Nilidhani ni kwa sababu ya kupungua tu. Sasa sijui tena.

Kikwapa

Katika wiki ya tatu aliingia binti wa Mombasa, mhudumu katika ndege ndogo zinazokwenda miji ya jirani, akiwa na koti la sare mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lina nini?"

Akalivaa, akanyoosha mikono juu kama anayefungua sanduku la mizigo la juu ya viti. Koti zima likapanda naye. Kiuno kikafika mbavuni na blauzi ikachomoka. "Nafanya hivi mara mia kwa siku," akasema. "Waweza kulipandisha kwapa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba kwapa la nguo iliyokwisha kukatwa halipandi. Watu wengi hudhani kwapa pana ndilo linaloachia mkono nafasi, na mambo ni kinyume chake: likikatwa chini sana, mkono ukiinuka huvuta ubavu wote wa nguo, na likikatwa juu, karibu na mwili, mkono huinuka peke yake. Kwapa la chini humpendeza mwenye kununua koti elfu kwa mpigo, kwa sababu saizi chache huenea watu wengi.

Kisha nikakumbuka kanzu. Mafundi wa kwetu walikwisha kulimaliza tatizo hili zamani: kati ya badani na mkono kuna taharizi, kipande kirefu cha ubavuni, na pale chini ya mkono hutiwa kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne ambacho hakionekani mkono ukiwa chini na hufunguka mkono ukiinuka. Mwenye kanzu anaweza kuinua nanga. Nilimkatia yule binti vikwapa viwili kutoka kwenye ziada ya ndani ya pindo la koti, nikavitia. Akanyoosha mikono tena. Kiuno kikabaki kiunoni.

Alicheka mpaka akaketi.

Ni kwa macho hayo nilizitazama sare za baadaye za Alaska Airlines na za Horizon, shirika dada linalorusha ndege ndogo za kanda hii. Zilizinduliwa mwaka 2018, zikiwa zimebuniwa na Luly Yang, mbunifu wa hapa Seattle aliyejulikana kwa magauni ya harusi. Nilishuku kwamba jina lilitafutwa kwa ajili ya kamera. Lakini watumishi walihojiwa kwanza kuhusu mifuko, mvua na joto, baadhi yao wakavaa mavazi ya majaribio kazini kabla ya mengine kushonwa, na nguo zikapelekwa kupimwa kwa kiwango cha Oeko-Tex, kinachochunguza sumu katika kila sehemu, mpaka uzi na vifungo. Ninaloliona la maana ni hilo la majaribio. Nguo iliyovaliwa siku sitini na mtu anayeinua mizigo hukosolewa na jasho, na hakuna mbunifu anayebishana na jasho.

Machi 2022 shirika likatangaza pia kwamba sare hazitagawanywa tena kuwa za kike na za kiume, kila mtumishi achague. Jambo hilo lilizua maneno mengi, nami sitayarudia. Dukani lilikuja kwa sura ya kawaida sana: wanawake wanaotaka suruali yenye mifuko ya kweli.

Simu

Kufikia wiki ya tano nilikuwa nimejijengea hoja kamili. Urefu ule wa chini ya goti ulikuwa heshima, ule mfupi ulikuwa dhuluma, na kazi yangu ilikuwa kumrudishia yule mama heshima yake. Nilikwisha kuupiga mvuke mstari wa kwanza. Nilikwisha hata kupiga bandi, mshono wa muda, bila kumngoja, jambo ambalo mama yangu asingelifanya kwa mteja mtu mzima.

Yule mama akapiga simu, akaja Ijumaa jioni. Nilimwongezea kiuno kwa taharizi mbili za pembeni, nyembamba, za sufu iliyokaribiana rangi. Alisimama juu ya kijukwaa mbele ya kioo, nami nikapiga magoti na pini mdomoni.

"Hapa?" nikamwonyesha mstari wa kwanza.

"La," akasema. "Ule wa juu."

"Wa pili?"

"Wa juu kabisa."

Niliinua uso. Alikuwa akijitazama kwenye kioo bila kutabasamu, kwa makini, kama mtu anayekagua kazi. Akanieleza kwamba mwaka ule sketi ilipofupishwa alikuwa na miaka ishirini na miwili, ametoka kijijini kwao mashariki ya milima, na kwamba nyumbani hakuna ambaye angemruhusu kuonyesha goti. Barua ya ofisi aliichukia. Urefu aliupenda. Miaka mitano baadaye walipoamuru irefushwe alilia, na hakumwambia mtu, kwa sababu wenzake wote walikuwa wanashangilia na yeye mwenyewe alikubali kwamba walikuwa na haki.

"Nitavaa soksi nene," akasema. "Magoti haya si ya picha."

Nilifumua bandi yangu. Nikaukunjia ndani urefu wote uliozidi, inchi tano, bila kukata.

"Usikate," akaniambia naye, wakati huohuo.

Nikashona kwa mkono, kwa mishono midogo, nikifuata matundu ya sindano ya fundi yule wa kwanza.